Jumapili Isiyo na Nyama

"Nyama ndiyo inawaleta," mwenye bustani aliniambia, akipangusa kisu kwa aproni. "Wewe ni kachumbari."

Hakusema kwa ubaya. Alisema jinsi mtu anavyokuambia kamba ya kiatu imefunguka. Nami nilijikaza kisabuni, nikaendelea kukunja nyaya zangu na kutabasamu, lakini nilipofika kwangu Kamenu, hapa Thika, nilikuwa nimekasirika hata nikashindwa kukaa chini. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, nikiosha vikombe vilivyokuwa safi. Kachumbari! Mtu akiikosa huuliza mara moja tu, halafu anakula nyama yake na chumvi.

Kazi yangu ni kupiga gitaa na kuimba peke yangu, mashine ndogo ya ngoma ikiwa karibu na mguu na spika mbili nyuma. Huku kwetu mtu wa kazi hii huitwa one-man, hata akiwa mwanamke wa makamo mwenye magoti yanayolia. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilikuwa nikitoka Thika na vyombo vyangu kwenda Ruiru, kwenye bustani ya nyama choma iliyo nyuma ya barabara kuu. Kulikuwa na viti vya plastiki, mahema, bembea za watoto na moshi ulioingia hadi ndani ya gitaa. Mpaka leo nikilifungua sanduku lake nasikia njaa.

Watu walijaa, sitakudanganya. Nilianza na nyimbo za zamani za Kikuyu ambazo kila mtu alizisikia kwa redio ya babake. Wakifika kifungu wanachokijua waliinuka, wakashikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa, wakazunguka mahema hadi kwenye choo na kurudi. Nilipiga, wakapiga kelele, tukalowa jasho. Halafu jua likaanza kushuka, wakawabeba watoto wao waliolala, wakaenda. Jumapili iliyofuata walijaa wengine kabisa.

Hilo ndilo lililonitafuna. Niliimba nyimbo za watu wengine kwa watu wasiorudi. Niliwahi kukutana sokoni Thika na mama aliyecheza mbele yangu mchana mzima, amenishika bega, akiniita malaika. Nikamchangamkia. Akaniangalia kwa adabu, akaniuliza kama mimi ndiye wa vitunguu.

Nilikuwa na wimbo wangu mmoja. Niliutunga kuhusu mama yangu, kwetu Gatuanyaga, ambako ardhi ni kavu na mgeni hutanguliwa na vumbi lake. Mama alikuwa akiona vumbi la pikipiki mbali anaweka chai jikoni. Vumbi likikata kona kuja kwetu, anatoa vikombe. Likipita moja kwa moja, anainywa chai mwenyewe, polepole, akiangalia barabara. Basi, wimbo ni huo. Hauna mahali pa kuruka. Niliujaribu wakati wa densi, watu wakaachana viuno na kuangaliana. Kwa hiyo niliuhamishia wakati nyama inapoletwa mezani, vichwa vikiwa chini na mikono ikiwa kazini, wakati ambao hata ningesoma tangazo la maji kukatika hakuna ambaye angesikia.

Mwenye bustani alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Kulikuwa na kijana wa kucheza muziki wa mashine, bei nafuu, haleti magoti yanayolia. "Siku moja tu," mzee aliniambia, "nionyeshe mtu mmoja amekuja hapa kwa sababu yako. Mmoja! Nitakuwacha uendelee."

Nikampigia simu binti ya dada yangu, anayesomea mambo ya kompyuta Juja. Alikuja na daftari la maswali kichwani.

"Tata, hao watu wakitoka hapo unawapata aje?" Tata ni mimi, dada ya mama yake.

"Nawapata vipi? Wanaenda kwao."

"Ndio shida sasa. Unawaachilia tu. Wakiwa wamefurahi ndio unafaa kuchukua namba zao, hapo hapo. Unawaweka kwa grupu. Unawaambia unaimba wapi. Wanakuzoea."

"Kizuri chajiuza," nikamwambia. Mama alinilea kwa msemo huo.

"Tata, kizuri kinajiuza kama watu wanajua jina yake."

Nilimchukia siku nzima kwa jibu hilo. Jumapili nikaanza kupita mezani baina ya nyimbo, simu mkononi, kama mtu anayeuza karanga. Sasa, jambo ambalo msomi wangu hakulijua ni kwamba mtu anayekula nyama choma hana mikono. Vidole vyote ni mafuta. Hakuna aliyeweza kuishika simu, kwa hiyo walinitajia namba wakitafuna, nami nikaandika. Majina nilikosa muda wa kuyauliza. Mashine ya ngoma ilikuwa ikiningoja. Nikawahifadhi kwa kile walichokuwa wakila. Mbavu Ruiru. Supu Kamenu. Mutura Miwani, yule wa miwani na utumbo uliojazwa nyama. Kulikuwa na bwana mmoja wa Gatuanyaga aliyekataa mbuzi akaagiza kuku, akamkagua kama daktari. Huyo nikamwita Kuku. Niliporudi nyumbani na kuipangusa simu, niliyapitia majina hayo nikaona mzee amenishinda hata humo. Watu wangu wote walikuwa nyama.

Nikafungua grupu. Nikaandika maneno mazuri, nikaweka picha yangu na gitaa: Jumapili hii, Ruiru, baada ya kanisa, karibuni nyote. Nikangoja neno moja tu. Nilitaka mtu aandike "Nakuja". Sijui kwa nini neno hilo lilinishika hivyo. Nilikuwa naamka naangalia simu, nachemsha maji naangalia simu, nikiwa kwa foleni ya mtungi wa gesi naangalia simu. Hakuna aliyeandika kitu. Siku iliyofuata Kuku akatuma picha ya majogoo: "Wako tayari, kienyeji pure, naleta mpaka Thika."

Nilichemka. Nikamwandikia kwa adabu kwamba hii ni grupu ya muziki. Akajibu, "Sawa kabisa madam," akatuma picha ya mayai.

Baada ya hapo zikaja sala za asubuhi, zile zenye maua. Mtu akauliza kama kuna anayejua fundi wa paa. Mtu akatangaza nyumba ya kupanga. Mbavu, ambaye nilikuja kujua anauza mitumba Ruiru, aliwapa wote majibu. Kila grupu nchini hupata mwenyekiti bila kura, na yetu ilimpata yeye. Mimi ndiye niliyeifungua, lakini nilijiona kama mtu aliyekodisha nyumba yake akaambiwa agonge kabla ya kuingia.

Kisha Supu akaandika. Alikuwa kijana mtulivu wa hapa Kamenu, kinyozi, na mama yake alikuwa amelazwa hospitali Thika, anahitaji damu kabla ya kupasuliwa. Hakuomba sana. Aliandika mistari miwili, akasema Mungu awabariki.

Hapo ndipo nilipoliona neno langu.

"Nakuja," Mbavu akaandika. "Nakuja," Mutura Miwani akaandika. "Nakuja na mdogo wangu." "Niko Juja, nakuja." "Nakuja." Yalishuka kwenye kioo moja baada ya jingine, nami nimesimama jikoni na sufuria mkononi. Nitasema ukweli wa moyo wangu: niliona wivu. Nilimwonea wivu mama mgonjwa. Nikaona haya, na wivu haukuondoka.

Nilikwenda pia, kwa kuwa hospitali si mbali na kwangu. Kwenye benchi la kungojea nilikuta watu wamekaa wakila biskuti, wakipigana mabega na kuongea kama waliosoma pamoja. Nilizijua nyuso chache. Muuguzi alipouliza ninyi ni jamaa wa mgonjwa, mmoja akasema, "Hapana, sisi ni wa ile grupu ya gita." Mbavu akanipigia makofi, akanisogezea nafasi. Halafu wakaendelea na hadithi yao, ilihusu bei ya viazi. Hakuna aliyenitajia wimbo wala kuniuliza naimba nini Jumapili. Nilitoa damu, nikanywa soda, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi na mwenye hasira.

Mwezi ulikuwa ukingoni. Kijana wa mashine alishakuja bustanini kuangalia soketi za umeme. Nilimwona akipima kwa hatua mahali ninaposimama. Ilibaki Jumapili moja. Nilijiambia nitapiga mpaka viti vitembee vyenyewe. Ndipo Jumamosi asubuhi mzee akanipigia.

"Usikuje kesho," alisema. "Ugonjwa wa mifugo umeingia. Machinjio imefungwa, hakuna mbuzi anatoka mahali. Sina hata mfupa. Nafunga."

"Na Jumapili ijayo?"

"Jumapili ijayo tulisema ni yule kijana."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kabla sijafikiri nikamwambia, "Mzee, fungua."

"Nifungue niuze nini?"

"Soda. Chai. Ulisema mimi ni kachumbari. Kesho tuone kama inaliwa peke yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini ni mtu anayependa kujua mambo yataishaje, basi akakubali. Nilipokata simu ndipo nikaelewa nilichofanya. Viti vitupu ningeweza kuvisamehe vikiwa vya siku ya mvua. Hivi vingekuwa jibu.

Nikaandika kwenye grupu: "Kesho Ruiru hakuna nyama kabisa. Machinjio imefungwa. Lakini nitaimba. Ni Jumapili yangu ya mwisho kama hakuna mtu." Niliifuta sentensi ya mwisho, nikairudisha, nikaifuta, nikairudisha tena, nikatuma hivyo hivyo kabla kidole hakijabadili nia. Nikasubiri lile neno. Kimya. Hata Kuku hakuweka jogoo. Baadaye Mbavu akaniandikia pembeni, "Uko sawa?" Nikamjibu niko sawa. Hakuandika tena, na grupu ikalala kama kaburi. Haikuwahi kukaa kimya hivyo tangu nilipoifungua.

Jumapili nilifika mapema mno. Jiko lilikuwa baridi, na bila moshi bustani ilionekana ndogo. Nilifunga spika, nikazifungua, nikazisogeza. Nilijaribu maikrofoni mpaka mbwa wa jirani akajibu. Makanisa yalitoka, nikawaona watu wakipita langoni na nguo nzuri, wakinusa, wakiendelea na safari. Familia moja iliingia, baba akauliza mbuzi yuko wapi, akaambiwa, wakageuza gari. Mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na kaunta, akivunja njiti za meno moja moja. Nilimshukuru kwa kutosema kitu, na nikamchukia kwa hicho hicho. Nikaanza kupiga, ili mikono ifanye kazi. Niliwaimbia viti.

Kuku ndiye aliyeingia wa kwanza. Alikuwa amevaa koti, kofia ameivua ameishika kifuani. Alikuja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana, madam," alisema. "Pole sana kwa yale yamekupata."

Nyuma yake alikuja Mbavu na termosi mbili kubwa, akifuatwa na wanawake wawili wamebeba sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwa kitambaa, mmoja kila upande. Mutura Miwani alibeba viti, ingawa viti vilikuwepo. Supu alikuja kutoka wodini moja kwa moja; mama yake alikuwa amepasuliwa salama, akasema ni mama mwenyewe aliyemtuma. Wengine nilijua sahani zao, wengine sikuwajua kabisa. Waliingia polepole, wakizungumza kwa sauti ya chini, kama wanavyoingia kwenye boma lenye msiba. Hawakukaa mezani. Walipanga viti duara, jinsi vinavyopangwa kwa kikao cha matanga, wakaniwekea kimoja katikati.

"Hamkuandika kitu," nilimwambia Mbavu. "Hata mtu mmoja hakuandika anakuja."

"Haiya!" Alinishangaa kabisa. "Tuandike na wewe uko ndani? Si tulifungua ingine. Mwenye shida hawekwi kwa grupu ya shida yake."

Ilikuwa kweli. Kila mtu anajua. Mtu akifiwa, majirani hufungua grupu ya pembeni wapange maji, hema na chakula, naye haitwi, ili asiulizwe na asione aibu. Mimi mwenyewe nimekuwa ndani ya nyingi. Wala haikunijia kwamba siku moja nitakuwa nje ya moja.

"Tuanze na maombi," Mbavu akasema, na Kuku akaomba, akaomba sana, akawagusia na mbuzi wagonjwa. Tuliposema amina Mbavu akakunja mikono. "Haya. Mwenye shida ajieleze."

Ndiyo desturi, unasimama unasema. Nimewahi kuimba mbele ya umati wa harusi ulioziba barabara na sikutetemeka. Hapo nilibaki kwenye kiti. Mzee alikuwa ameacha njiti zake, ameinua shingo. Ningesema nini? Sikuwa na mgonjwa wala maiti. Nilikuwa na jambo dogo la aibu, na watu walikuwa wamenipikia mukimo kwa ajili yake.

"Nataka," nikasema, nikasimama. "Nataka watu wakuje kwa sababu yangu. Sio nyama. Nachoka kuimba na hakuna mtu anajua ni nani ameimba."

Nilidhani watacheka. Mimi ningecheka. Mama mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni, kama kwamba nimesema nina uvimbe.

"Si ungesema," Mbavu akasema. "Mficha uchi hazai. Sisi tulidhani unajua."

"Nijue nini?"

"Imba ile ya vumbi."

Nikafikiri sijasikia vizuri. "Hiyo naimba mkikula. Hakuna mtu huwa anaskiza."

"Nani amekuambia?" Kuku akauliza, karibu kwa ukali. "Tukidensi ndio hatuskiangi kitu. Mtu anaangalia asikanyagwe. Tukikula tumenyamaza. Mdomo iko na kazi, maskio haina." Akaangalia kofia yake. "Hiyo barabara mimi najua. Mimi naishi hapo. Nikikuja mara ya pili nilikuja na bibi asikie."

"Mara ya pili?"

"Si mimi hukuja kila mwezi nikileta kuku Ruiru? Nakaa huko nyuma."

Huko nyuma! Jumapili zote hizo nilikuwa nimekodoa macho kwa wale wanaoruka mbele yangu, na nilipoimba wa kwangu niliangalia nyuzi, kwa sababu sikutaka kuona vichwa vimeinama.

Nikaimba. Sikuwasha mashine ya ngoma. Hakuna aliyeinuka wala kushika kiuno cha mtu. Mbavu alikuwa akimimina chai, na nilipofika mahali mama anapoona vumbi linapita bila kukata kona, wakaimba nami, wote, maneno yote, na neno moja walilikosea kwa pamoja, jinsi watu wanavyokosea kitu ambacho wamekiimba wenyewe kwa wenyewe mara nyingi. Nilishindwa kumaliza. Machozi yalinitoka na pua ikatoa yake. Wakanimalizia.

Tulikula mukimo. Baadaye wakadai zile za zamani, wakazunguka mahema hadi choo, Kuku akiwa behewa la mbele na koti lake. Watu waliokuwa wakipita barabarani waliingia kuuliza kuna nini. Mzee akakimbia kununua soda zaidi. Nilipokuwa nakunja nyaya alikuja akasimama karibu nami, mikono mfukoni.

"Nilikuambia mmoja," alisema.

"Ulisema."

"Huyo kijana nitamwambia akuje Jumamosi." Akaangalia jiko lake baridi. "Lakini mbuzi wakirudi, ile ya vumbi usitoe saa ya kukula. Wacha ikae hapo hapo."

Nilifika Kamenu bado kuna mwanga. Sikuketi, nilitembea dirishani, mlangoni, jikoni, miguu ikikataa kuamini kwamba hakuna kinachonifukuza. Simu ikalia. Mbavu alikuwa ameandika kwenye grupu yetu, ile yangu: "Shida ya mwanamuziki imeisha vizuri, asanteni wote. Nani mwingine ako na kitu?"

Kisha Supu akaandika. Mama yake anaruhusiwa kutoka hospitali Alhamisi. Hatembei bado, anaogopa atachoka kukaa peke yake nyumbani mchana, Supu akiwa kazini kinyozini.

Nilikuwa bado nimevaa viatu. Niliandika kabla ya wote: "Nakuja."